Kazi imekula jioni zangu zote, hata kroshia nimeitupa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mhasibu, nina mume na watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 na mdogo 4. Naingia ofisini saa 2 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, katikati napata saa moja ya chakula. Watoto wakishalala, Jumatatu hadi Alhamisi nafungua tena kompyuta saa 3 usiku na kufanya kazi mpaka saa 5. Jumamosi natoa saa tatu nyingine. Kikundi cha ofisi cha WhatsApp hakilali, na bosi akiuliza jambo usiku najibu mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua hesabu zilipo.

Zamani nilipenda sana kufuma kroshia. Mwaka huu nikasema nirudie, nikaanza blanketi la kitanda kikubwa. Limelala kwenye mfuko, sijafika hata robo. Wenzangu walipoona vitambaa nilivyofuma wakanishauri niuze, nikapokea oda, na sasa Jumapili mchana nafumia watu huku naangalia tarehe. Nilijiunga pia na jimu ya saa 11 alfajiri, nikaishia wiki ya pili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata Ijumaa, ambayo sina kazi ya usiku, nashika simu mpaka saa 6. Sifanyi lolote la maana, na wala sijapumzika. Vitu nilivyovipenda havinivutii kama zamani. Mume wangu anasema niache kazi za usiku, lakini kusema ni rahisi. Nifanyeje nipate muda wangu bila kuharibu kazi? Na jimu nimeshalipia miezi mitatu mbele, nirudi?

Hesabu Zimenielemea

*

Marahaba, mwanangu.

Umejieleza kama mtu mvivu, nami katika barua nzima sikuuona uvivu. Wewe ni mhasibu, basi tuanze na jedwali lako mwenyewe. Saa 9 za ofisini kwa siku 5 ni 45. Saa 2 za usiku kwa siku 4 ni 8. Jumamosi 3. Jumla ni saa 56 kwa wiki, kabla hatujagusa siku za kufunga mwezi, yaani kukamilisha hesabu za mwezi mzima, na kabla ya Jumapili ya oda, ambayo ni kazi ingawa unaifanyia sebuleni.

Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Afya Duniani walitoa uchambuzi wao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba iko juu kwa asilimia 17. Wewe umeshauvuka mstari huo. Kwa hiyo agizo langu la kwanza halihusu kroshia wala jimu. Shughuli yoyote ya kujifurahisha ukiipachika juu ya saa 56 itabidi muda wake uukate kwenye usingizi, na kilichokatwa kwenye usingizi hakidumu. Jimu yako ilikufa kwa sababu hiyo: mtu aliyelala saa 6 usiku akaamka saa 10 na nusu hawezi kuendelea wiki ya tatu, awe na nidhamu ya namna gani. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7.

Sasa zile saa 8 za usiku na 3 za Jumamosi. Kwa wiki moja tu, kila unapofungua kompyuta nje ya saa za ofisi, andika mambo matatu: umefanya nini, nani alikiomba, na kilihitajika lini hasa. Usijirekebishe wiki hiyo, andika tu ilivyo. Kwa watu wa fani yako matokeo huwa yanafanana. Kazi nyingi za usiku si za dharura. Ni zile zinazotaka utulivu, kama kulinganisha daftari na taarifa ya benki au kutafuta tofauti ndogo isiyojulikana ilikotoka, na mchana zinashindikana kwa sababu kila dakika chache kuna mtu mlangoni au ujumbe kwenye simu. Dawa yake ni kuuhamishia utulivu mchana. Jitengee kuanzia saa 2.30 hadi saa 4 asubuhi kila siku: mlango umefungwa, kikundi kimenyamazishwa, barua pepe imefungwa, na kazi ngumu kuliko zote ndiyo inayoanza. Saa moja na nusu kwa siku 5 ni saa 7 na nusu, karibu sawa na usiku wako wote wanne.

Usikate usiku wote kwa mkupuo. Baki na Jumanne peke yake, saa 3 hadi 4.30, halafu Jumamosi iachie siku za kufunga mwezi. Hapo utakuwa kwenye saa 46 na nusu.

Mkuu wako lazima ajulishwe. Watu wengi hukosea hapa: wananyamaza tu, wanaacha kujibu usiku, halafu siku ya nne wanaogopa na kujibu ujumbe wa saa 4 usiku. Jibu hilo moja linafuta ukimya wote uliotangulia, kwa sababu aliyeuliza amejifunza kwamba akingoja kidogo atapata. Kosa la pili ni kusema "sitapatikana" bila kusema upatikane vipi jambo likiwaka. Ujumbe wa kutosha ni kama huu:

"Kuanzia Jumatatu nitakuwa nafunga kompyuta saa 12 jioni, isipokuwa Jumanne. Jambo lisiloweza kusubiri asubuhi, naomba nipigiwe simu, nitapokea. Ya kwenye kikundi na barua pepe nitayajibu saa 2.15 asubuhi. Siku za kufunga mwezi tutaendelea kama kawaida."

Angalia ulivyojengwa. Haukuomba ruhusa, haukulalamika, na umeacha mlango mmoja wazi. Mlango wenyewe ni simu ya kupiga, kwa makusudi. Kuandika ujumbe hakumgharimu mtu chochote, lakini kumpigia mwenzake saa 4 usiku kunamlazimisha ajiulize kama jambo linastahili. Mengi yatajiahirisha yenyewe mpaka asubuhi. Wenzako watakaokuuliza hesabu ziko wapi, waachie faili moja ya pamoja yenye maswali wanayokuuliza kila mara na mahali pa kupata jibu. Ni kazi ya siku moja. Kuwa mtu pekee anayejua kunapendeza kidogo, nikuambie ukweli, na ndiyo maana wengi hawaiandiki faili hiyo.

Kwenye simu, usizime simu nzima, utashindwa siku ya kwanza. Nyamazisha kikundi cha kazi. WhatsApp inakupa machaguo ya saa 8, wiki moja au daima, chagua daima. Ukichagua saa 8 itakubidi ukumbuke kila jioni, na jioni utakayosahau ndiyo itakayokuwa na vurugu. Zima arifa za barua pepe ya ofisi. Kisha weka hali ya "Usinisumbue" ijiwashe saa 2 usiku, ikiruhusu simu za mume, shule, wazazi na mkuu wako. Simu nyingi zina pia kipengele kinachoruhusu simu iite mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika chache. Kiwashe, moyo utatulia.

Kabla ya kutoka ofisini, saa 11.45, funga siku. Hili nalikazia kuliko yote ya ofisini, na linahitaji dakika 15. Andika kwa mkono kila jambo lililobaki wazi. Mbele ya kila moja andika hatua inayofuata, iwe ndogo na ya kutendeka, na saa utakayoifanya. "Tofauti ya benki" haitoshi. "Kuomba stakabadhi ya tarehe 14 kwa mtunza stoo, kesho saa 2.30" inatosha. Tazama kalenda ya kesho. Jibu jumbe mbili tatu ambazo kweli haziwezi kulala. Zima kompyuta, na ukifika nyumbani iingize kabatini pamoja na mfuko wake, isikae mezani unapopita.

Sababu ya kuandika hatua na saa ni hii. Tangu utafiti wa Bluma Zeigarnik wa mwaka 1927 imekuwa ikisemwa kwamba akili hushikilia kazi iliyokatizwa kuliko iliyokwisha. Mwaka 2011 Masicampo na Baumeister walionyesha jambo la kufariji: jukumu ambalo halijakamilika huacha kuingilia mawazo mtu anapoliwekea mpango mahususi, hata kabla hajaligusa. Maana yake huhitaji kumaliza kazi ili ikuachie jioni. Unahitaji ijue saa yake. Orodha ya majina matupu ya kazi haifanyi hivyo, na wengine hulala vibaya zaidi baada ya kuiandika.

Nije kwenye simu ya Ijumaa usiku. Mwaka 2007 watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz waligawa pumziko la baada ya kazi katika mambo manne: mawazo kutoka kazini kabisa, mwili na akili kutulia, kufanya jambo unalozidi kulimudu, na kuwa na hiari juu ya muda wako. Ipime simu yako kwa hayo manne. Mawazo hayatoki kazini, kikundi cha ofisi kimo humohumo. Umahiri hakuna. Hiari hakuna, kinachofuata kwenye kioo kinachaguliwa na programu. Kutulia kunapatikana kidogo mwanzoni, nusu saa ya kwanza labda. Ndiyo maana saa tatu za simu zinakuacha ulivyokuwa. Kroshia, ikipangwa vizuri, inagusa yote manne. Tena inakufaa wewe hasa: kazi yako ni ya macho kwenye kioo, ya tarakimu, ya kukaa, na kosa moja lina gharama. Kinachompumzisha mtu ni kile kinachotumia sehemu ambayo kazi haikuitumia. Kwako ni mikono, mwili, maongezi, na mahali ambapo kosa halimuumizi mtu. Mwalimu anayesimama na kuongea mchana kutwa ningemwambia mengine.

Blanketi lako halikukwama kwa sababu ulichoka kulipenda. Kitanda kikubwa kinataka upana wa mita 2, kwa hiyo kila mstari ni mita 2 za vitanzi. Mtu aliyechoka anaweza kukaa nusu saa au zaidi asimalize hata mstari mmoja. Hakuna pa kupumulia, maendeleo hayaonekani, na kadiri linavyokua ndivyo linavyokulemea mapajani na kukutia joto. Pia ni rahisi kupoteza hesabu ya vitanzi, na mhasibu kuhesabu vitanzi 250 saa 4 usiku ni adhabu. Pitisha pini kwenye kitanzi cha mwisho kisifumuke, andika kwenye karatasi umefika mstari wa ngapi na sindano ilikuwa ya ukubwa gani, weka karatasi hiyo ndani ya mfuko, uufunge. Hujaliacha, litakungoja likizo.

Badala yake fuma miraba. Anza na mnyororo wa vitanzi 4, uufunge kuwa duara, kisha zunguka ukiongeza pembe nne. Kwa sindano ya milimita 4 na uzi wa unene wa kati, mizunguko 6 au 7 inakupa mraba wa karibu sentimita 15. Mkono uliozoea unamaliza mmoja kwa jioni, na ukikatizwa unaacha mwisho wa mzunguko bila hasara. Miraba 48, yaani 6 kwa 8, inatoa blanketi la sentimita 90 kwa 120, la kutosha mtoto au mapaja. Lakini usiibandike hesabu hiyo ukutani.

Zipo hila ndogo zinazoamua kama utaendelea. Ficha ncha za uzi kila mraba unapokwisha: acha mkia wa sentimita 10 hivi, uupitishe kwa sindano ya kushonea kulia, urudi kushoto, ukate. Miraba 48 ya rangi moja moja ina ncha 96, na mablanketi mengi ya miraba hufia hapo, kwenye jioni ya kuficha ncha zote kwa pamoja. Usiku tumia uzi wa rangi nyepesi, kwa kuwa kwenye uzi mweusi au wa bluu iliyokolea huoni kitanzi kilipo, utakaza macho ambayo yamechoka tayari. Taa iwe nyuma ya bega lako, upande wa mkono usioshika sindano, kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Uzi uvute kutoka katikati ya donge, usiwe unarukaruka sakafuni. Kila baada ya dakika 25 au 30 weka chini, kunja na kunjua vidole, zungusha kifundo. Kidole gumba kikianza kuuma, unaikaza sindano kuliko inavyohitaji. Tafuta yenye mpini mnene, au pumzika siku mbili.

Vyote viwe ndani ya kikapu kimoja wazi, juu ya kochi unalokalia, sindano ikiwa imeshaingia kwenye kitanzi. Usikihifadhi kabatini. Kabati umeipa kompyuta. Kitu unachopaswa kukitoa, kukifungua na kukitafutia mkasi hakiwezi kushindana na simu iliyo mkononi tayari. Kwa sababu hiyohiyo chaja ya simu ihamie chumba kingine, na simu ipelekwe huko saa 3. Ukiihitaji utainuka, na mara nyingi hutainuka.

Kuhusu oda nina msimamo mkali kidogo. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, wiki moja hadi mbili baadaye walipoachwa huru walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao wasioahidiwa kitu. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupunguza. Oda ni ahadi ya malipo pamoja na tarehe, rangi aliyochagua mwingine, na woga wa kurudishiwa kazi. Hivyo vyote unavyo ofisini. Maliza oda ulizopokelea pesa, usichukue mpya. Atakayeomba mjibu: "Kwa sasa sipokei oda. Nikianza tena nitakujulisha." Usieleze zaidi. Maelezo huzaa maombi ya "basi hata kimoja tu".

Kama pesa ile unaihitaji, sitakucheka, lakini ipigie hesabu kwanza. Chukua bei, toa uzi, gawa kwa saa ulizofuma, pamoja na saa za kujibu jumbe na kupeleka mzigo. Linganisha na mshahara wako wa saa moja. Ukiona bado inafaa, uza aina moja tu ya kazi, labda vitambaa viwili kwa mwezi, vya muundo mmoja unaoujua kwa moyo, na miraba isiguswe na mteja. Ukiona haifai, umeshajua cha kufanya. Zawadi ruksa, ilimradi umtunukie mtu kitu kilichokwisha, usimwahidi kabla.

Mume wako mpe kazi badala ya malalamiko. Kaeni Jumapili mgawane jioni: Jumatatu na Alhamisi ni zako, saa 3 hadi 3.40, yeye akiwa zamu ya mtoto atakayeamka. Jumatano ni yake kwa masharti yaleyale, maana naye bila shaka ana jambo aliloliacha. Dakika 40 zinatosha, na mraba mmoja unaingia humo. Mtu aliyekaa miezi bila muda wake hutamani mchana mzima, akiukosa anaona bora asianze. Ijumaa kaeni pamoja, bila mpango. Jumapili, sasa imerudi kwako, tafuta angalau mara mbili kwa mwezi mwenzako mmoja anayefuma au kushona mkae mfume mkiongea. Kwa mtu anayekaa na tarakimu siku nzima, maongezi yasiyo na ajenda ni nusu ya dawa.

Siku za kufunga mwezi mpango huu utavunjika, na uvunjike kwa utaratibu. Ziandike kwenye kalenda mapema, tuseme siku tano. Ndani yake kroshia ni dakika 10 au hakuna, Jumamosi ni ya ofisi, na usingizi haukatwi. Siku ya sita ratiba inarudi yenyewe, hakuna kufidia. Kinachoua mipango ya namna hii mara nyingi ni deni la kubuni: mtu amekosa jioni tatu, anajipangia sita, anashindwa, anaacha. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake walifuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya, wakakuta wastani ni siku 66 tendo lianze kujifanya lenyewe, ila mmoja alichukua 18 na mwingine angehitaji hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wiki mbili za mwanzo utachoka kwa namna ya ajabu, mkono utatafuta simu, na kufuma kutakuwa kama kazi nyingine. Endelea hata kama hakuna raha bado. Hamu hurudi baada ya tendo mara nyingi kuliko kabla yake. Usipime idadi ya miraba. Pima kitu kimoja kila Ijumaa: jumla ya saa za kazi za wiki nzima. Ikizidi 50 wiki mbili mfululizo nje ya kufunga mwezi, rudi kwenye ile orodha ya safu tatu uone ni nini kimepenya, kisha zungumza na mkuu wako ukiwa na orodha hiyo mkononi, si hisia.

Umeandika kwamba vitu ulivyovipenda havikuvutii kama zamani, na hapo sitaki nipite haraka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza kuchakaa kwa sababu ya kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako au kuichukia, na kuhisi huzalishi tena. Halikuuita ugonjwa, liliuweka kama hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Hali hiyo kwa kawaida hulegea saa zikipungua. Sonona ni kitu kingine, inakufuata hata likizo. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi huna raha na chochote karibu kila siku, hata na watoto, usingizi au hamu ya kula imebadilika, unajiona huna thamani, nenda kwa daktari au mshauri nasaha, usingoje ratiba ikae sawa. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, na mwambie mume wako.

Jimu: pesa imeshatoka, usiifuate na usingizi. Waulize kama unaweza kuhama kutoka alfajiri kwenda Jumamosi saa 3 asubuhi, sasa kwa kuwa Jumamosi haina kompyuta. Wakikubali, nenda saa moja kila Jumamosi. Siku za kazi tembea dakika 20 ndani ya ile saa ya chakula, mwendo wa kuweza kuongea lakini usiweze kuimba. Hizo ni dakika 100, na jimu 60, jumla 160. Shirika la Afya Duniani linataka 150 hadi 300 kwa wiki. Wakikataa kukuhamisha, ongeza matembezi ya dakika 50 Jumamosi pamoja na watoto, na miezi mitatu ikiisha usilipie tena.